Kaisari Mmoja, Wafalme Wengi

Je, Kaisari wa kwenye Biblia na Kaizari wa Wajerumani ni mtu mmoja? Swali hili nimelisikia kwa wazee wa kanisa, kwa wanafunzi wa sekondari, na kwa watu wazima waliosoma historia zamani wakabaki na mashaka. Wanaouliza wana sababu nzuri. Katika Injili tunamkuta Kaisari akidai kodi Yudea. Katika Matendo ya Mitume, Paulo anataka kesi yake isikilizwe na Kaisari. Kisha tunafungua kitabu cha historia ya Tanganyika, zaidi ya miaka 1,800 baadaye, na huyu hapa tena, amekaa Berlin, anatuma magavana Dar es Salaam. Aliyesoma sira ya Mtume Muhammad naye anamkumbuka Kaisari aliyepelekewa barua ya kuitwa katika Uislamu. Na kama hayo hayatoshi, kuna yule Tsari wa Urusi aliyeng'olewa madarakani mwaka 1917, ambaye kwa sikio la kwanza hahusiani na hao wengine.

Anahusiana nao kabisa. Kaisari, Kaizari na Tsari ni jina moja. Lilikuwa jina la mtu mmoja wa Roma, likawa jina la familia yake, likawa cheo, kisha likasambaa Ulaya kwa njia mbalimbali, kila lugha ikilishika kama ilivyolisikia. Katika sura hii tutalifuata jina hilo, maana ukijua lilipopita utajua pia ni nani aliyetaka kufanana na nani, na kwa nini.

## Jina lilikuwa la nani?

Mwanamume wa Kirumi wa tabaka la juu alikuwa na majina matatu, na mpangilio wake hautamshangaza Mswahili aliyezoea kuandika jina lake, la baba na la babu. La kwanza lilikuwa lake mwenyewe. La pili lilikuwa la ukoo. La tatu lilikuwa la tawi la ukoo, kwa sababu koo zilipanuka na ilibidi matawi yatofautishwe. Gaius Julius Caesar, aliyezaliwa mwaka 100 KK, alikuwa Gaius, wa ukoo wa Julius, tawi la Caesar. Kwa hiyo Caesar halikuwa cheo, wala si sifa aliyoipata vitani. Alilirithi, na baba yake aliitwa hivyohivyo.

Tawi lenyewe lililipata wapi jina hilo? Warumi walibishana. Wengine walisema babu wa kwanza alizaliwa na nywele nyingi, kwa kuwa caesaries katika Kilatini, lugha ya Warumi, ni nywele. Wengine walitaja macho ya rangi ya kijivu na buluu. Wengine walisema aliua tembo, wakidai kwamba katika lugha moja ya Afrika Kaskazini tembo ana jina linalokaribiana na hilo. Naye mwanachuoni Plinius, aliyefariki mwaka 79 BK Mlima Vesuvius ulipolipuka, aliandika kwamba Kaisari wa kwanza alitolewa tumboni mwa mama yake kwa kukatwa, kutokana na kitenzi caedere, yaani kukata. Jina moja likiwa na maelezo manne, ujue wenyewe walikuwa wameshasahau.

Maelezo ya Plinius ndiyo yaliyoenea kuliko yote. Ndiyo chanzo cha imani kwamba Julius alizaliwa kwa upasuaji na kwamba upasuaji huo umepewa jina lake. Imani hiyo haisimami. Enzi zile upasuaji wa namna hiyo ulifanywa kwa mama aliyekufa au anayekata roho, ilhali Aurelia, mama yake Julius, aliishi hadi mwaka 54 KK, mwanawe akiwa jemadari wa miaka zaidi ya 40. Tena jina lilikuwepo katika familia kabla hajazaliwa. Hata hivyo hadithi ilishinda. Wajerumani huuita upasuaji huo Kaiserschnitt, mkato wa Kaizari. Waholanzi husema keizersnede. Warusi wana kesarevo sechenie. Kiswahili kinaposema kujifungua kwa upasuaji kinataja jambo lenyewe bila kumsingizia mtu, na kwa maoni yangu kimezishinda lugha zote hizo.

## Jina linapogeuka cheo

Julius aliuawa Roma tarehe 15 Machi 44 KK na wajumbe wa Seneti, baraza kuu la watawala wa Roma. Wasia wake ulipofunguliwa, ilionekana kwamba amemwasili mjukuu wa dada yake, kijana wa miaka 18 aliyeitwa Octavius. Kijana huyo hakuwa na jeshi wala wadhifa. Alichokuwa nacho ni jina, na maelfu ya askari wa zamani wa Julius walikuwa tayari kulifuata jina hilo popote. Akaacha kutumia jina la baba yake mzazi, akajiita Gaius Julius Caesar. Mwaka 27 KK Seneti ikamwongezea jina la Augustus, yaani mtukufu. Mwezi wa Julai unatokana na Julius, na Agosti unatokana na huyu mrithi wake.

Baada ya Augusto alitawala Tiberio, mtoto wake wa kuasili, kisha Kaligula. Wote walilibeba jina la Caesar kihalali, kama wanafamilia. Badiliko lilikuja mwaka 41 BK, Kaligula alipouawa na walinzi wa ikulu wakamtawaza Klaudio. Kisheria Klaudio hakuwa wa tawi la Caesar: hakuzaliwa humo wala hakuasiliwa. Akalitwaa jina hata hivyo, kwa kuwa watu walikwisha kuzoea kwamba anayetawala Roma anaitwa hivyo. Naona hapo ndipo jina lilipoacha kuwa la ukoo. Nero alipojiua mwaka 68 familia ilikwisha, lakini jina halikufa naye. Vespasiano, mtoto wa mtoza ushuru, aliyetwaa madaraka mwaka uliofuata, hakuwa na undugu wowote na Julius, naye akaitwa Kaisari.

Sasa tunaweza kuwahesabu wale wa Biblia:

- Augusto ndiye aliyeamuru watu waandikwe, katika Luka sura ya 2.
- Tiberio anatajwa Luka sura ya 3, na ndiye aliyekuwa akitawala Yesu alipoulizwa kuhusu kodi.
- Klaudio anatajwa katika Matendo sura ya 11 na ya 18.
- Nero hatajwi kwa jina, lakini ndiye Kaisari ambaye Paulo alimkatia rufani katika Matendo sura ya 25.

Watu wanne, cheo kimoja. Hata mji wa Kaisaria alikofungwa Paulo ulijengwa na Herode Mkuu na kupewa jina hilo kwa heshima ya Augusto. Miji ya namna hiyo ilikuwa mingi. Kayseri nchini Uturuki ni Kaisaria nyingine. Cherchell, mji wa pwani ya Algeria, ni Kaisaria iliyosagwa na ndimi za watu kwa karne nyingi. Zaragoza ya Uhispania ilianza ikiitwa Caesaraugusta, Waarabu wakaitamka Saraqusta, Wahispania wakamalizia.

## Herufi ya kwanza inasema mengi

Mtu akikuuliza kwa nini neno moja linaanza na k Ujerumani, na ts Urusi, na s Ufaransa, jibu limo katika matamshi ya Kilatini chenyewe. Zama za Julius, herufi c ilitamkwa k kila mahali, na ae ilitamkwa karibu na ai yetu. Kwa hiyo mama yake alimwita, kwa kadiri maandishi yetu yanavyoweza kuonyesha, Kaisar. Wagiriki waliomsikia waliandika hivyohivyo, Kaisar. Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki, na umbo hilo ndilo lililofika katika Biblia ya Kiswahili, likaongezewa i mwishoni ili liweze kutamkika vizuri kinywani mwetu.

Karne zilivyopita, Kilatini cha mitaani kilibadilika. Ile k iliyotangulia irabu e na i ililainika. Italia ikawa ch, na leo Mwitalia husema Cesare, kwa sauti ya Chezare. Ufaransa ikawa ts, baadaye s: César. Waingereza wakachukua s ya Kifaransa na kuirefusha irabu, wakapata kitu kama Siiza. Hapo kuna jambo ninalolipenda sana: mtoto wa Shule ya Jumapili kule Mbeya au Machakos anayesoma kwa sauti neno Kaisari analitamka kwa ukaribu zaidi na Julius mwenyewe kuliko mkazi wa Roma ya leo.

Wajerumani walilichukua neno mapema, wakati k ingali k. Ni miongoni mwa maneno ya kale kabisa ambayo lugha za jamii ya Kijerumani zilikopa kutoka Roma. Wagothi, taifa la jamii hiyo lililotafsiriwa Biblia katika karne ya 4 na askofu Wulfila, waliandika kaisar. Kutoka kwenye mkopo huo wa zamani tunapata:

- Kaiser, kwa Kijerumani
- keizer, kwa Kiholanzi
- kejser na kejsare, kwa Kidenmaki na Kiswidi
- keisari, kwa Kiaislandi na pia kwa Kifini

Litazame vizuri hilo la Kifini. Kifini hakina undugu wowote na Kiswahili, wala na Kijerumani, lakini nacho hupenda maneno ya kukopa yaishie kwa irabu. Ndiyo maana keisari ya Helsinki na Kaisari ya Kiswahili zinaonekana kama mapacha. Zilifika kwa njia mbili tofauti, zikapambwa mwisho kwa irabu ileile.

Kwa ufupi, ukiona k, neno lilikopwa mapema au lilipitia Kigiriki. Ukisikia ch au s, limepitia Kilatini kilichokwisha kulainika. Ts ina habari yake ndefu, na tutaifikia.

## Waliokuwa ndani na waliokuwa nje

Kuna jambo ambalo wasomaji wengi hawalitarajii. Lugha zilizozaliwa na Kilatini, yaani Kifaransa, Kihispania, Kireno na Kiitaliano, hazitumii jina la Kaisari kumwita mfalme mkuu. Zinasema empereur, emperador, imperador na imperatore. Maneno haya yametokana na imperator, cheo cha Kirumi cha jemadari mwenye amri. Kwao César au Cesare limebaki jina la kumpa mtoto.

Nadhani sababu ni hii. Mtu aliyeishi ndani ya dola la Roma alijua kwamba mtawala ana majina na vyeo vingi, na kila kimoja kina kazi yake. Aliona sarafu, alisikia amri zikisomwa, alijua Kaisari ni kimoja tu katika orodha ndefu. Tena cheo hicho kilishuka: mwaka 293 mtawala Diokletiano aligawa utawala kwa watu wanne, wawili wakubwa wakaitwa Augusti na wasaidizi wao wawili wakaitwa Caesares. Tangu hapo, ndani ya dola lenyewe, Kaisari alikuwa namba mbili. Huko Konstantinopoli, mji mkuu wa Roma ya Mashariki ambayo wanahistoria huiita Bizanti, mfalme aliitwa basileus, na kaisar akawa mtu wa heshima aliye chini yake.

Lakini aliyeishi nje, ng'ambo ya mto Rhein au Danube, hakuhitaji orodha yote hiyo. Alisikia kwamba upande ule kuna mtu mmoja mwenye nguvu kuliko wote, na anaitwa Kaisari. Majirani walishika jina walilolisikia mara nyingi zaidi, na kwao halikushuka cheo kamwe.

Waarabu nao walikuwa majirani. Waliita mtawala wa Roma ya Mashariki Qaysar, na mfalme wa Uajemi Kisra. Ndiyo maana katika sira wawili hao hutajwa pamoja. Qaysar aliyepelekewa barua na Mtume alikuwa Heraklio, aliyetawala Konstantinopoli tangu mwaka 610 hadi 641. Na Kisra halikuwa cheo hapo mwanzo. Ni jina la mtu, Khosrow, walilokuwa nalo wafalme wa Uajemi, likafanywa jina la kila mfalme wa huko. Waarabu walizitazama dola mbili kubwa za zama zao na kuziita zote kwa majina ya watu.

## Tsari

Lugha za Kislavi ni jamii ya lugha zenye Kirusi, Kipoland, Kicheki, Kibulgaria, Kiserbia na nyingine. Mababu wa wasemaji wake walilipokea jina katika umbo la tsesari, ambalo lilifupishwa kwa kutumiwa sana hadi kubaki tsar. Mtu asiyejua historia yake angeweza kuyaweka Caesar na tsar sambamba asione hata silabi moja ya undugu.

Walioanza kulitumia kama dai la ukuu si Warusi. Ni Wabulgaria. Mwaka 913 mtawala wao Simeoni alifika na jeshi hadi kwenye kuta za Konstantinopoli, na tangu hapo Bulgaria ikawa na matsari. Mwaka 1346 Stefan Dušan wa Serbia alitawazwa tsari mjini Skopje. Konstantinopoli yenyewe Waslavi waliiita Tsargrad, mji wa Kaisari. Waliohitaji cheo hicho waliutazama mji huo, wakatamani kukaa pale au kulingana na aliyekaa pale.

Waturuki waliuteka mji tarehe 29 Mei 1453, na mfalme wa mwisho, Konstantino wa 11, akafa vitani. Sultani Mehmed wa Pili, mshindi, akajiongezea cheo cha Kayser-i Rum, Kaisari wa Roma. Hakuona ajabu yoyote katika hilo. Aliyeshika mji ameshika na jina. Moscow iliona mambo kwa namna nyingine. Mwaka 1472 mtawala wake, Ivan wa Tatu, alimwoa Sofia, binti wa ndugu yake yule Konstantino aliyeuawa. Mjukuu wao, Ivan wa Nne, alitawazwa rasmi kuwa tsari tarehe 16 Januari 1547. Dai lilikuwa wazi: Konstantinopoli imeanguka, sasa Kaisari yuko hapa. Na kabla ya hapo, Warusi walikuwa wakimwita tsari khani wa Wamongolia waliyemlipa kodi, kwa hiyo kujitwalia neno hilo kulitangaza pia kwamba hakuna tena mkubwa juu yao.

Kirusi kinanivutia kuliko lugha zote katika habari hii, kwa sababu kimelikopa jina lilelile mara kadhaa na kuziweka nakala zote. Julius mwenyewe anaitwa Tsezar. Yule wa Injili anaitwa kesar, kwa kuwa alikuja na Kigiriki cha kanisa. Mfalme wa nyumbani ni tsar. Mfalme wa Ujerumani ni kaizer. Mrithi wa kiti cha Urusi aliitwa tsesarevich. Mrusi wa kawaida hutumia maneno haya bila kufikiri kwamba yote ni mtu mmoja aliyeuawa mwezi wa Machi.

Kuna na tsesarka. Hilo ni jina la Kirusi la kanga, yule ndege mwenye madoa meupe tunayemjua porini na uani. Zamani Warusi walimwita mfalme wa Vienna tsesar, na ndege huyo akaitwa kuku wa kikaisari. Kanga wa Afrika akaishia kubeba jina la ukoo wa Kirumi kwa lugha ya Urusi.

Petro Mkuu mwaka 1721 alijipa cheo kipya, imperator, ili alingane na wafalme wa magharibi. Nyaraka za serikali zikabadilika. Wakulima hawakubadilika, waliendelea kusema tsari hadi siku ya mwisho.

## Karl, jirani yake Kaisari

Waslavi walifanya jambo hilohilo kwa jina jingine. Karl Mkuu, mfalme wa Wafranki, alitawazwa na Papa mjini Roma siku ya Krismasi mwaka 800. Jina lake la Karl likageuka kuwa neno la kawaida la mfalme: król kwa Kipoland, král kwa Kicheki, korol kwa Kirusi, kralj kwa Kikroeshia. Wahungaria, ambao lugha yao si ya Kislavi, wakasema király, na Waturuki kral. Kwa hiyo katika sehemu kubwa ya mashariki ya Ulaya, mfalme mdogo ni Karl na mfalme mkubwa ni Kaisari.

## Kaizari wa Berlin na mlima wetu

Wajerumani walilitumia neno Kaiser kwa wafalme walioitwa warithi wa Roma, tangu Otto wa Kwanza aliyetawazwa mwaka 962 hadi Franz wa Pili alipolivunja dola hilo mwaka 1806. Franz alikuwa ameshajihami kwa kujitangaza Kaizari wa Austria miaka miwili kabla. Kaizari wa Ujerumani mpya alitangazwa tarehe 18 Januari 1871, tena ugenini, katika Ukumbi wa Vioo wa kasri la Versailles nchini Ufaransa, baada ya Wafaransa kushindwa vitani.

Ujerumani ile ilikuwa na makaizari watatu tu: Wilhelm wa Kwanza, mwanawe Friedrich wa Tatu aliyetawala siku 99 mwaka 1888, na Wilhelm wa Pili. Kutowatofautisha kumezaa hadithi inayosimuliwa mpaka leo Tanzania na Kenya, kwamba mpaka wetu umepinda pale Kilimanjaro kwa sababu Malkia Victoria alimzawadia mlima mjukuu wake, Kaizari Wilhelm, siku yake ya kuzaliwa. Mpaka huo ulitokana na makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886. Kaizari wa mwaka huo alikuwa Wilhelm wa Kwanza, mzee wa miaka 89. Hakuwa mjukuu wa Victoria. Alikuwa na umri mkubwa kuliko yeye. Mjukuu ni Wilhelm wa Pili, aliyekalia kiti miaka miwili baadaye. Hati ya mwaka 1885 iliyompa Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani, na kampuni yake ulinzi wa serikali nayo ilitolewa na yule mzee. Mjukuu ndiye aliyepewa kilele: Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika juu ya Kibo tarehe 6 Oktoba 1889, walikiita Kaiser-Wilhelm-Spitze. Tangu uhuru wa Tanganyika mwaka 1961 kinaitwa Uhuru.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha, mkataba ulitiwa saini tarehe 28 Juni 1919 katika ukumbi uleule wa Versailles alikotangazwa Kaizari wa kwanza. Ibara ya 227 ilitaka Wilhelm wa Pili ashtakiwe. Kurasa chache mbele, ibara ya 246 ilitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyekufa mwaka 1898 akikataa kukamatwa. Wilhelm alikuwa amekimbilia Uholanzi, Waholanzi wakakataa kumtoa, na hakushtakiwa. Fuvu lilirudi Kalenga mwaka 1954. Jina la Mkwawa nalo lilibaki kwa kizazi chake. Mjukuu wake, Adam Sapi Mkwawa, alikuwa Spika wa Bunge la Tanzania.

## Mwaka 1914 na baada yake

Vita hivyo vilipoanza, jina la Kaisari lilikuwa limekaliwa kila upande. Wilhelm alikuwa Kaizari Berlin, na Franz Joseph alikuwa Kaizari Vienna. Nikolai alikuwa tsari Petersburg, na Ferdinand, aliyejitangaza mwaka 1908, alikuwa tsari Sofia, Bulgaria. Hata mfalme wa Uingereza hakukosa: tangu Victoria alipotangazwa mtawala mkuu wa India tarehe 1 Januari 1877, cheo chake kwa lugha za huko kilikuwa Kaisar-i-Hind.

Wapoland ndio waliolijua jambo hili kwa uchungu kuliko wote, kwani nchi yao iligawanywa kati ya Ujerumani, Austria na Urusi. Karibu na mji wa Mysłowice, mahali mito miwili inapokutana, mipaka ya nchi hizo tatu iligusana, na pakaitwa Pembetatu ya Makaisari Watatu. Mpoland aliyesimama hapo na kutazama pande tatu aliona nchi ya Kaisari kila alikogeuka, na hakuna hata moja iliyokuwa yake.

Nikolai aliacha kiti mwezi Machi 1917. Wilhelm aliacha tarehe 9 Novemba 1918, na siku mbili baadaye Karl, mrithi wa Franz Joseph, akajitoa katika utawala wa Austria. Mfalme wa Uingereza aliacha kuitwa mtawala wa India mwaka 1948, baada ya India kupata uhuru. Bulgaria ilikuwa imeshafuta ufalme kwa kura ya wananchi mwaka 1946, na tsari wake, Simeoni wa Pili, mtoto wa miaka 9, akapelekwa uhamishoni. Alirudi akiwa mtu mzima, chama chake kikashinda uchaguzi, na kuanzia mwaka 2001 hadi 2005 alikuwa waziri mkuu wa Bulgaria. Katika wadhifa huo hakuitwa tsari. Aliitwa kwa jina la ukoo wake, Sakskoburggotski.